Plaizi ipi kwa kazi ipi: plagi, koki, misumari na zipu

Nyumba nyingi zina plaizi moja tu, ile ya kawaida yenye mikono ya plastiki nyekundu, nayo hufanyishwa kila kazi: kukaza nati ya koki, kung'oa msumari, kukata waya wa umeme, hata kushikia kaa la moto. Kazi mbili tatu kati ya hizo inaziweza. Zilizobaki ndizo zinazoacha nati iliyolika pembe, bomba lililopasuka ndani ya ukuta na makali yenye mapengo.

Kwa nini plaizi hula nati

Spana huikumbatia nati kwa bapa zake, na mkono wako unabaki na kazi moja ya kuzungusha. Ukishika plaizi, mkono unabana na kuzungusha kwa pamoja, na nguvu ya kuzungusha ikiizidi ya kubana, taya linateleza. Halafu mataya ya plaizi ya kawaida hufunguka kama mkasi: kadiri yanavyopanuka ndivyo yanavyozidi kwenda upogo, yakaigusa nati kwenye pembe tu. Yakiteleza mara tatu nne, pembe zimekwisha, na hapo hata spana ya kipimo chake haishiki tena. Kwa hiyo nati ikiwa nzima na inafikika, tafuta spana. Plaizi ishike kitu kisizunguke wakati spana inazungusha upande wa pili.

Jambo jingine ni mahali pa kuweka kitu ndani ya mdomo. Plaizi ya milimita 200 ina mikono ya kama sentimita 15 kutoka kwenye riveti, ile pini inayounganisha pande zake mbili, na mataya ya kama sentimita 4. Kitu kilicho sentimita 2 kutoka kwenye riveti hubanwa kwa nguvu ya kiganja chako mara saba na zaidi. Kikiwa kwenye ncha, hubanwa mara nne hivi tu. Ndiyo sababu waya mgumu husogezwa ndani kabisa, karibu na riveti, kabla ya kukatwa. Anayekata msumari kwa sehemu ya mbele huishia kuigonga plaizi kwa nyundo, riveti ikalegea, na riveti ikishalegea makali hayakutani tena.

Za kununua

Kwa kuanzia tatu zinatosha: plaizi ya kawaida ya milimita 180 au 200 (dukani utaambiwa inchi 7 au 8), plaizi ya mdomo mrefu ya milimita 160 hivi, na plaizi ya bomba ya milimita 250, ile ambayo taya lake moja huhamishwa hatua kwa hatua ili mdomo upanuke. Ya nne ni ya kukatia, yenye makali ya upande. Ukiwa na mbao za kutengua, ongeza koleo la seremala, lenye mdomo wa duara kama kucha za kaa. Gripu, ile inayobana na kujifunga, inunue mwisho. Kazi yake ni kuokoa jahazi pale spana iliposhindwa.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio haya palepale dukani:

1. Shika mkono mmoja wa plaizi na uutikise mwingine kwenda kushoto na kulia. Riveti isicheze. Mchezo mdogo leo ni mkubwa baada ya mwezi.
2. Ifumbe na uitazame kwenye mwanga. Ncha zikutane, na taya moja lisipande juu ya jingine.
3. Kata uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya laini. Ukatike safi. Ukipindwa na kubanwa katikati ya makali, iache.
4. Ifungue na kuifumba kwa mkono mmoja. Isiwe ngumu kiasi cha kuhitaji mikono miwili.

Usikubali kuambiwa kwamba plastiki ya mikono inazuia umeme. Mikono iliyochovywa kwenye plastiki ni ya kukupa mshiko mzuri, basi. Plaizi iliyopimwa kwa kazi ya umeme ina alama ya pembetatu mbili pamoja na maandishi 1000 V, na kwa kawaida namba ya kiwango cha kimataifa, IEC 60900. Hata hiyo, plastiki yake ikichanika au kuyeyuka mahali pamoja tu, ihesabu kama chuma kitupu.

Plaizi ya kawaida ina sehemu ambazo wengi hawazitumii. Ncha bapa yenye meno madogo ni ya kushika bati na kupinda waya. Nyuma yake kuna shimo la mviringo lenye meno makubwa, la kushikia vitu vya duara kama fito na vipande vya bomba. Kisha kuna makali. Kwenye plaizi nyingi utaona pia vijitundu viwili pembeni mwa riveti, upande wa nje. Hivyo ndivyo vya kukatia waya mgumu na misumari myembamba: fungua mikono mpaka vijitundu vipangane, ingiza waya, fumba. Hukata kwa kupishana kama mkasi, tena palepale penye riveti, kwa hiyo nguvu inayohitajika ni ndogo na makali ya mbele yanabaki salama kwa ajili ya shaba.

Kubadilisha plagi ya pini tatu

Hii ndiyo kazi inayojirudia kuliko zote, na ndiyo inayounguza soketi ikifanywa ovyo. Maelezo yanahusu plagi ya pini bapa inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda, umeme wa volti 230 au 240. Plagi iwe imechomolewa ukutani, iko mkononi mwako.

1. Kata kipande kilichoungua au kulegea kwa plaizi ya kukatia, ukirudi nyuma mpaka uone shaba inayong'aa. Shaba nyeusi haishiki vizuri kwenye skrubu na itapata joto tena.
2. Ondoa gamba la nje kwa sentimita 4 au 5. Lipasue kwa kisu chepesi kwa urefu, usilizungushie kisu kwa nguvu, kwa kuwa nyaya za ndani ziko karibu sana.
3. Laza nyaya ndani ya plagi iliyo wazi, pini ndefu ikiwa juu na kamba ikiingilia chini. Kahawia iende kulia, kwenye fyuzi. Buluu kushoto. Njano yenye kijani, ndiyo ya ardhi, iende juu. Kwenye kamba za zamani, nyekundu ni ile ya kahawia, nyeusi ni ile ya buluu, na kijani ni ya ardhi.
4. Kata kila waya kwa urefu wake, lakini wa ardhi uache uwe na ziada ya sentimita 1 hivi. Mtu akikanyaga kamba na kuivuta, waya wa ardhi unatakiwa uwe wa mwisho kuchomoka.
5. Menya milimita 6 mpaka 8. Kama huna koleo la kumenyea, bana waya kwa makali kidogo tu, zungusha nusu duara, bana tena, kisha vuta. Makali yasiguse shaba. Nyuzi tatu nne zikikatika, kata na uanze upya, kwa sababu zilizobaki zitabeba umeme wote na kupata joto.
6. Sokota nyuzi kuelekea kulia kwa ncha ya plaizi ya mdomo mrefu. Tundu likiwa pana, kunja shaba iliyosokotwa mara mbili ndipo uiingize.
7. Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa vidole. Ukitoka, haukuwa umebanwa.
8. Kibano cha kamba kishike gamba la nje. Kikishika nyaya za ndani zenyewe, plagi itafia hapohapo baada ya miezi michache.
9. Weka fyuzi inayolingana na kifaa: ampea 3 kwa kifaa cha mpaka wati 700 hivi, kama redio, taa ya mezani au feni, ampea 13 kwa pasi, birika na jiko la umeme. Waya wa shaba kwenye nafasi ya fyuzi ni njia ya kuunguza kamba ndani ya ukuta au chini ya zulia.

Kifaa chenye nyaya mbili tu huachiwa skrubu ya ardhi tupu, ila ikazwe isidondoke ndani.

Kuhusu nyaya za ukutani, zile za milimita za mraba 1.5 za taa na 2.5 za soketi: zima meni swichi kwanza, weka mtu au kufuli pale, ndipo uguse. Na usikate nyaya mbili kwa mkato mmoja hata kama unaamini umeme umezimwa. Ikiwa hukuzima ule uliodhani umeuzima, makali yanakuwa daraja kati ya nyaya mbili, cheche inaruka, na plaizi inabaki na tundu la duara kwenye makali. Mafundi wengi wanayo plaizi yenye tundu hilo.

Kutoa balbu iliyovunjikia kwenye holda

Swichi ya ukutani haitoshi. Kuna nyumba ambazo swichi ilifungwa kwenye waya wa kurudisha umeme, hivyo taa inazimika huku holda ikiwa bado na umeme. Zima meni swichi. Tandika gazeti chini, vaa miwani, subiri kitako kipoe.

Kwa balbu ya kuzungusha, ingiza plaizi ya mdomo mrefu ikiwa imefumbwa ndani ya kitako cha bati, ifungue ili ncha zisukume kuta za kitako kwa ndani, kisha zungusha kuelekea kushoto polepole. Kushika ukingo kwa nje hukunja bati na kulifanya likwame zaidi. Kwa balbu ya pini mbili pembeni, bana ukingo wa kitako, sukuma kuelekea holda mpaka usikie springi ikirudi, zungusha kidogo kushoto, kisha vuta. Kinachowashinda watu hapa ni kusahau kusukuma kwanza.

Ikiwa iliyovunjika ni taa ya mirija iliyojisokota, fungua madirisha na uache hewa ipite kwa dakika 10 au zaidi. Ndani yake kuna zebaki kidogo. Okota vipande kwa karatasi ngumu, usitumie mkono mtupu wala ufagio unaotimua vumbi.

Nati za sinki na koki

Hapa ndipo plaizi ya bomba inapostahili bei yake. Isogeze kwenye hatua ambayo mataya yanakaribia kuwa sambamba yakiwa yameikamata nati, na mikono iwe imeachana kwa upana ambao kiganja kinaumudu. Mikono ikigusana kabla nati haijabanwa, hatua ni pana mno na vidole vitafinywa. Meno yake yamelala upande mmoja: ukizungusha upande unaofaa, yanazidi kuuma kadiri unavyovuta. Yakiteleza, igeuze plaizi juu chini ujaribu tena kabla ya kuongeza nguvu.

Kubadilisha mpira wa kupeleka maji kwenye koki ya sinki, ule uitwao fleksibo:

1. Funga stopu koki au valvu ya tangi, fungua koki ya sinki maji yaishe, weka beseni chini.
2. Shika kwa chombo cha pili ile sehemu isiyotakiwa kuzunguka, yaani valvu au kiungo kinachotoka ukutani. Ndipo ulegeze nati kwa kuizungusha kushoto.
3. Tazama washa ya mpira ndani ya nati mpya. Ikae bapa, isiwe imejikunja. Washa ndiyo inayozuia maji, nyuzi za nati zinaikandamiza tu. Kwa hiyo penye washa usifunge tepu; tepu huifanya nati ikaze kabla washa haijakaa.
4. Kaza kwa vidole mpaka igote. Ikianza kuwa ngumu mapema, nyuzi zimepishana: rudisha nyuma, uanze upya.
5. Ongeza robo mpaka nusu mzunguko kwa plaizi. Basi.
6. Fungua maji polepole, futa kiungo kikauke, zungushia karatasi ya chooni. Angalia baada ya dakika 10. Karatasi ikilowa, ongeza kidogo sana; ikiendelea kulowa, fungua uikague washa badala ya kukaza.

Nati ya plastiki hukazwa kwa mkono tu, labda kwa kitambaa. Plaizi huipasua, na ufa mara nyingi hauonekani siku hiyo. Hujionyesha usiku maji yanaporudi kwa nguvu.

Hatua ya pili ndiyo inayorukwa, na ndiyo yenye hasara kubwa kuliko zote. Koki ya ukutani mara nyingi imeingizwa kwenye kiwiko cha PVC kilichofukiwa kwa plasta. Koki iliyokwama ikizungushwa kwa plaizi ya milimita 250 bila kiwiko kushikiliwa, nguvu yote inaenda kwenye bomba lililo ndani ya ukuta. Kiwiko kinazunguka nusu duara, gundi inaachia, na kazi iliyokuwa ya koki moja inakuwa ya kuvunja vigae. Kama kiwiko hakishikiki kwa kuwa kimefukiwa, chimbua plasta kidogo mpaka upate pa kukishikia. Koki ikikataa, igongegonge kidogo kwa mpini wa bisibisi pande zote, ikaze kidogo sana kwanza kisha ilegeze. Mara nyingi chokaa ya maji ndiyo iliyoishika, nayo huachia kwa kutikiswa.

Ukirudisha koki isiyo na washa mahali pake, hapo tepu nyeupe inahitajika. Kwa nyuzi za nusu inchi zungusha mara 8 mpaka 10, ukiitazama koki kwa mdomo wake wa nyuzi na kuelekea kulia, uzi wa kwanza ukiachwa wazi ili vipande visiingie ndani ya maji. Tepu iliyozungushwa kinyume hujikusanya unapokaza. Koki ya chuma kwenye PVC haihitaji ubavu: chuma kinapanua, plastiki inapasuka.

Koki inayong'aa izungushie kipande cha tyubu ya baiskeli kabla ya kuibana. Kitambaa huteleza, mpira hushika na hauachi alama.

Kwenye gesi, plaizi isiingie kabisa. Regulata ya kubofya hufungwa kwa mkono, na ikivuja tatizo ni mpira wa ndani au regulata yenyewe, si mkazo. Shaba ya njano ya valvu ni laini, na meno ya plaizi huikwangua mpaka ikakosa kukaa. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Mapovu yakikua, funga mtungi na uupeleke kwa wakala.

Kung'oa misumari

Koleo la seremala halivuti, hubingirisha. Anayevuta msumari moja kwa moja hukata kichwa au hudondoka nao.

1. Msumari wa zamani wenye kutu, hasa kwenye mbao ngumu kama mninga, upige kwanza kwa nyundo uingie milimita moja hivi. Hiyo huvunja kutu iliyoushikamanisha na mbao.
2. Bana shina la msumari chini kabisa, mdomo wa koleo ukigusa mbao. Usibane kichwa.
3. Weka kipande cha mbao au bati chini ya taya utakalolalia, ili lisiache shimo.
4. Laza mikono upande mmoja taratibu. Mgongo wa duara wa koleo ndio unaonyanyua.
5. Msumari ukitoka sentimita 1 au 2, rudi chini, shika upya, laza upande mwingine. Msumari wa inchi 4 unahitaji kushikwa upya mara tatu au nne.

Msumari uliotokeza upande wa pili na kukunjwa unyooshwe kwanza, kisha urudishwe kwa nyundo, ndipo ung'olewe kwa mbele. Usijaribu kuukata msumari wa zege kwa makali ya koleo hili. Umekaushwa kwa moto uwe mgumu, na kitakachomeguka ni koleo.

Kufunga waya wa uzio na geti

Kwa kufunga wavu wa kuku au seng'enge kwenye nguzo, waya laini wa kufungia nondo hufaa, wa geji 16 au 18, yaani milimita 1.6 au 1.2. Kata wa urefu unaozunguka nguzo mara mbili na shubiri moja ya ziada. Ukunje katikati, uzungushe nguzo na wavu, pitisha ncha kwenye kitanzi. Sasa shika ncha zote mbili kwa plaizi na uvute kuelekea kwako mpaka waya ulalie nguzo, na huku ukiendelea kuvuta ndipo usokote mara tatu au nne.

Mkazo hutoka kwenye kuvuta. Kusokota hufunga tu. Anayetafuta mkazo kwa kusokota huona shingo ya waya iking'aa, na mzunguko unaofuata unaikata. Kata ncha ziwe sentimita 1, kisha zikunje ziangalie nguzo, maana ncha iliyoachwa nje iko usawa wa macho ya mtoto. Sehemu zenye upepo wa bahari tumia waya uliopakwa zinki, kwa kuwa ule mweusi huliwa na kutu haraka.

Ukikata waya wowote, shika upande utakaoruka au uelekeze chini. Plaizi ya kukatia ina upande bapa na upande wenye mteremko: upande bapa huacha mkato laini, wenye mteremko huacha ncha kali. Upande bapa uelekee kwenye kile unachobaki nacho. Hili linahusu zaidi vile vifungo vya plastiki vya kufungia nyaya. Vikikatwa kinyume huacha jino linalochana mkono kila anayepita.

Waya wa breki ya baiskeli ni nyuzi nyingi zilizosokotwa. Uzungushie tepu ya umeme mahali pa kukata, kisha ukate katikati ya tepu kwa mkato mmoja, ukitumia vile vijitundu vya pembeni vya plaizi ya kawaida. Bila tepu unachanua kama ufagio na hauingii tena kwenye ganda lake.

Zipu isiyofunga

Zipu ikipita lakini meno yanaachana nyuma yake, meno ni mazima. Kilichopanuka ni kichwa. Kirudishe mwanzo wa zipu. Kina upande wenye midomo miwili, ambako meno huingia yakiwa yameachana, na upande wenye mdomo mmoja, ambako hutoka yameshikana. Kwa ncha ya plaizi ya mdomo mrefu, bana ukingo wa kushoto wa huo upande wa mdomo mmoja, bati la juu likisogelea la chini, kisha ukingo wa kulia kwa kiasi kilekile. Kidogo sana. Jaribu. Rudia. Ukibana sana zipu inakwama, na kichwa cha madini laini hupasuka bila onyo. Kikishabanwa mara mbili au tatu kwa miezi kadhaa, nunua kingine kwa fundi cherehani.

Gripu, kwa nati iliyokwisha kulika

Gripu zilianzia kwa mhunzi mzaliwa wa Denmark, William Petersen, huko De Witt, Nebraska, aliyepata hataza ya ile yenye kujifunga mwaka 1924. Alichotaka ni mkono wa tatu: kitu kibaki kimebanwa huku mikono yake miwili ikifanya kazi nyingine.

Mwagia nati mafuta ya kulegeza kutu na usubiri angalau robo saa. Fungua gripu, iweke kwenye nati, fumba mikono yake, na uzungushe skrubu ya mwisho wa mkono mpaka mataya yaiguse nati. Iachie, ongeza nusu mzunguko wa skrubu, kisha ibane. Ijifunge kwa mlio, kwa nguvu ya kiganja kimoja. Ikihitaji mikono miwili, skrubu imezidi. Ikijifunga kirahisi, itateleza. Zungusha kwa kuvuta taratibu huku ukiisikilizia, na ikianza kuteleza simama uongeze robo mzunguko. Kumbuka kwamba nati hiyo haitatumika tena, kwa hiyo uwe umeshanunua mpya kabla ya kuanza. Unapofungua kile kidude cha kuachilia, vidole visiwe katikati ya mikono.

Kuzitunza

Adui ni chumvi na moto. Pwani, kuanzia Mtwara mpaka Lamu, plaizi iliyoachwa na jasho la mkono huota kutu kwa siku chache. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta, dondoshea tone moja la mafuta ya cherehani kwenye riveti, fungua na kufumba mara ishirini, futa yanayotoka. Iliyokwama izamishe kwenye mafuta ya taa usiku kucha, ichezeshe mpaka ilegee, kisha lazima uipake mafuta mazito. Mafuta ya taa yakikauka huacha chuma kitupu.

Usiitumie kugeuza mkaa wala kushikia sufuria jikoni. Makali yake yalikaushwa kiwandani kwa joto lililopimwa, na moto wa jiko huyarudisha kuwa laini. Ukiona rangi ya buluu kwenye makali, ugumu umekwenda; itashika, lakini haitakata tena. Kinu cha kunoa hufanya vilevile, kwa hiyo pengo dogo kwenye makali liguse kwa tupa ndogo, au liache na ukatie sehemu iliyo nzima.